Pika Utume Kama Unavyopika Chakula cha Nyumbani

Mama wa nyumbani hawashi moto kabla hajajua nani atakula. Vikundi vingi vya utume wa Kikatoliki huanza upande wa pili: sare zimeshashonwa na gari limeshakodiwa, ila hakuna aliyemuuliza katekista, yaani mwalimu wa dini, kigango (tawi la parokia) kina familia ngapi. Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu kama kumi, wawe WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), vijana au jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo, wanaokwenda kigangoni Ijumaa hadi Jumapili.

Hesabu vinywa kwanza. Wiki tatu kabla, watu wawili wamtembelee katekista wakiwa na daftari. Waulize: jumuiya ni ngapi, wagonjwa wasiotoka nyumbani ni akina nani, watoto gani hawajabatizwa, ndoa gani hazijafungwa kanisani, nani ameacha kusali na kwa sababu gani. Swali la mwisho aulizwe pembeni, si mbele ya kamati. Papo hapo uliza habari za jikoni: maji yako umbali gani, sufuria kubwa zipo ngapi, na kama majirani Waislamu watakula pamoja nanyi. Kama watakula, mnyama achinjwe na Mwislamu, na nguruwe asikaribie jiko lile siku hiyo. Ikiwa ni Ijumaa ya Kwaresima, nyama ngojeni kesho yake.

Kwa watu 80, kilo moja ya mchele hutosha watu saba, na kilo ya maharage watu kumi kama ni mboga ya wali. Kwa hiyo nunua mchele kilo 12 na maharage kilo 8, kisha ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya wasiohesabiwa, maana watakuja. Ujumbe wa Papa Fransisko kwa Siku ya Kimisionari Duniani ya 2024 ulitoka Mathayo 22:9, pale watumishi wanapotumwa njia panda kuwaita wote karamuni. Mpishi anayesoma mstari huo anafikiria sahani.

Yapo mambo ambayo hayakubali haraka. Maharage makavu yalowekwe usiku kucha, saa nane au zaidi, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yasipochemka vizuri huumiza tumbo, hata yakionekana laini. Katika utume, maharage ni ndoa na ubatizo. Ndoa inadai vyeti vya ubatizo, mahojiano na paroko, na matangazo ambayo kwa kawaida husomwa Dominika (Jumapili) tatu. Wazazi na wasimamizi wa mtoto wanahitaji mafundisho. Kikundi kinachofika Ijumaa na kuahidi ndoa Jumapili kimeweka maharage makavu motoni saa sita mchana huku wageni wameshanawa mikono. Padre atakataa, na atakayebaki na aibu kijijini ni katekista.

Halafu kuna foleni ya moto. Jikoni maharage na nyama hutangulia, wali hufuata, mchicha huwa wa mwisho. Utume nao una foleni yake: Ijumaa na Jumamosi asubuhi ni kutembelea nyumba kwa nyumba, wawili wawili, nyumba sita hadi nane kwa jozi moja. Zaidi ya hapo mtakuwa mnapiga hodi tu. Jumamosi mchana ni kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, na hapa ndipo hesabu hukosewa zaidi. Padre mmoja akitumia dakika tano kwa mtu, watu 60 ni saa tano kamili. Ukipanga kitubio nusu saa kabla ya Misa, utapata watu sita walioungama na hamsini na nne walionung'unika. Omba padre wa pili mapema, au anza saa saba mchana.

Wali wa watu wengi una mtego wake. Nyumbani unaweka vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele. Katika sufuria kubwa maji hupotea kidogo kwa mvuke, hivyo anza na kikombe kimoja na nusu, uongeze ya moto ukiona mchele unadai. Sufuria mbili za kilo sita ni bora kuliko moja ya kumi na mbili, kwani hiyo kubwa huungua chini, hugeuka bokoboko katikati na kubaki na kiini juu. Maji yakikauka, funika na upalie makaa juu ya kifuniko. Usiwashe moto wa wali mpaka gari la padre lionekane, kwa sababu akitoka kigango kingine huchelewa, na wali ukikaa vuguvugu zaidi ya saa mbili unaweza kuharibika bila kutoa harufu. Maharage yatamngoja bila shida. Jiko nalo liwekwe upande ambao upepo haupeleki moshi kanisani, maana hakuna homilia (mahubiri ya Misa) inayoshinda harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Wanaokomunika wanafunga saa moja kabla, kwa hiyo chai ya asubuhi iishe mapema.

Kosa baya kuliko yote ni kula peke yenu. Kikundi kinachokuja na chakula chake kwenye hotpoti na kujifungia nyumbani kwa katekista kimefuta mahubiri yake chenyewe. Luka 10 inawaagiza waliotumwa wale wanachowekewa. Sukari, mafuta na mchele mkabidhi mama mkuu wa jiko siku ya kwanza, naye ndiye apange, hata kama chumvi yake ni nyingi kuliko yenu. Siku ya pili mwulizeni nani achote maji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Jumapili jioni, kabla ya kuondoka, kila sufuria ya kuazimwa irudi kwa mwenyewe ikiwa imesuguliwa masizi; ziwekee alama ya rangi chini mapema ili zisichanganyike. Daftari la majina akabidhiwe mwenyekiti wa jumuiya, na kila jina liwe na mtu atakayelitembelea ndani ya siku 14.