Somo: Kuhifadhi Wafuasi katika Hifadhidata ya Nyaraka

Tuseme tunatengeneza programu ya wauza mitumba wa soko la Owino, Kampala, ambamo mteja aliyeko Gulu anaweza kumfuata muuzaji ili apate habari kila robota jipya linapofunguliwa. Nitatumia MongoDB, hifadhidata inayoweka taarifa katika nyaraka (kila waraka ni kifurushi cha taarifa zenye majina), ingawa hoja ni ileile kwa hifadhidata nyingi za aina hii.

Hatua ya 1: Amua uhusiano utaandikwa wapi.

Wengi wetu huanza kwa kuweka orodha ya wafuasi ndani ya waraka wa mtumiaji, na mimi nilianza hivyo. Waraka mmoja wa MongoDB hauwezi kuzidi megabaiti 16, na kila kitambulisho cha baiti 12 kinapoingia katika orodha huchukua baiti zipatazo 20, kwa kuwa nafasi yake katika orodha nayo huandikwa; kwa hiyo dari hufikiwa kwenye wafuasi laki nane hivi. Ni muuzaji gani wa Owino atakayefika huko? Shida yenyewe hutokea mapema zaidi. Katika programu yangu, ukurasa wa muuzaji ulionyesha jina na picha tu, lakini seva ilikuwa ikituma waraka mzima pamoja na orodha yote hadi kwenye simu, na wateja wakaanza kulalamika kwamba bando linaisha bila sababu. Zaidi ya hayo, wafuasi wapya wote wa muuzaji mmoja hugombania kuandika katika waraka uleule.

Hatua ya 2: Upe uhusiano waraka wake.

Fungua mkusanyo (kundi la nyaraka) uitwao ufuasi, ambamo kila tendo la kufuata ni waraka mmoja mdogo:

{ mfuasi: "mteja_gulu", anayefuatwa: "duka_owino", tangu: ISODate("2024-03-02") }

Hatua ya 3: Weka faharasa mbili.

Faharasa ni orodha iliyopangwa inayosaidia hifadhidata kupata nyaraka haraka. Ya kwanza iunganishe mfuasi na anayefuatwa, kwa mpangilio huo, na iwe ya kipekee, yaani isikubali jozi ileile mara mbili. Mteja ambaye mtandao wake unasuasua hubonyeza kitufe mara mbili, na bila faharasa hiyo atahesabiwa mara mbili. Ikiwepo, jaribio la pili hukataliwa kwa kosa namba 11000, ambalo programu yako inapaswa kulielewa kuwa "tayari anafuata" na kunyamaza. Faharasa ya pili ianze na anayefuatwa, ifuatiwe na tangu, kisha kitambulisho cha waraka kwa ajili ya waliofuata kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo itakayojibu swali "nani wanamfuata muuzaji huyu, wapya kwanza?" bila kupekua mkusanyo mzima.

Hatua ya 4: Tunza idadi kando.

Usiwahesabu wafuasi upya kila ukurasa unapofunguliwa. Weka uga (sehemu yenye jina ndani ya waraka) wa idadi katika waraka wa muuzaji, uuongeze kwa $inc, amri ya kuongeza au kupunguza namba, pale tu waraka wa ufuasi ulipoingia kweli, na uupunguze pale tu ulipofutwa kweli. Kuanzia toleo la 4.0 la MongoDB la mwaka 2018, kuandika ufuasi na kubadilisha idadi kunaweza kufungwa katika muamala mmoja, yaani yote mawili yafanikiwe au yote yashindwe, mradi seva zako zimepangwa kama kundi la nakala (seva zinazotunza data ileile).

Maswali ya wanachama

Swali (Mbale): Mwalimu, watu wawili wakifuatana, tuandike waraka mmoja au miwili?

Jibu: Miwili, ndugu yangu. Mmoja akiacha kufuata, unafuta waraka wake bila kumgusa mwenzake.

Swali (Mbarara): Na akaunti ambayo mwenyewe lazima aidhinishe wafuasi?

Jibu: Ongeza uga wa hali, wenye thamani "inasubiri" au "imekubaliwa", na idadi iongezwe baada ya kukubaliwa.

Swali (Jinja): Ninapotaka kuonyesha matangazo ya wote ninaowafuata, si itakuwa kazi nzito?

Jibu: Chukua kwanza vitambulisho vya unaowafuata, kisha tafuta matangazo yao kwa $in, amri ya kutafuta chochote kinacholingana na mojawapo ya thamani za orodha, ukiwa na faharasa ya mwandishi na tarehe. Kwa anayefuata wauzaji mia mbili hivi, njia hiyo inatosha. Wengine hunakili kila tangazo katika sanduku la kila mfuasi ili usomaji uwe mwepesi, lakini muuzaji mwenye wafuasi 50,000 akitangaza suruali moja, seva italazimika kuandika nyaraka 50,000. Mimi huanza na $in, na wazo la kunakili hulifikiria baadaye, kwa wauzaji wenye wafuasi wachache tu.