Jinsi ya kujua nini kinakula yuniti za LUKU nyumbani kwenu, kwa kuhesabu ile taa nyekundu ya mita

Kama umepanga hapa Dar na mnachangia LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla) wapangaji watatu wanne basi zile kelele unazijua, yuniti zimeisha, zamu ya nani kununua, nani anapiga pasi usiku, nani kaficha birika la umeme chumbani. Kwetu Tabata ilifika mahali watu hawasalimiani kabisa. Lawama zote alibebeshwa dada mmoja wa chumba cha uani, eti kwa sababu ana pasi na kila asubuhi ananyoosha sare za watoto. Iliniuma sana, maana hakuna aliyekuwa amepima kitu, ni kuhisi hisi tu, na kupima kwenyewe ni bure, simu yako yenye saa ya kuhesabu sekunde inatosha.

Aliyenianzishia hii habari ni paka wa mama mwenye nyumba. Ilikuwa Julai, kipupwe, na huyo paka makochi yote anayaacha anaenda kujikunja juu ya king'amuzi. Najua wengi mnaona paka wenu wanafanya hivyo hivyo, juu ya king'amuzi, nyuma ya friji, mwingine juu ya laptopu. Ni joto wanafuata. Mwili wa paka unatulia kwenye nyuzi kama 30 mpaka 38 hivi, chini ya hapo inabidi utumie nguvu kujipasha, na usiku wa Julai Dar nyuzi zinashuka mpaka karibu 19 au 20, kwetu sisi ni raha ya kulala bila feni ila kwa paka hiyo ni baridi. Sasa jiulize, TV imezimwa, king'amuzi kimezimwa kwa rimoti, watu wamelala, hilo joto linatoka wapi? Linatoka kwenye LUKU yenu. Ukizima kwa rimoti king'amuzi kinasinzia tu, ndani kinaendelea kula umeme, na karibu umeme wote kinaokula unaishia kuwa joto.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kiganja chako. Usiku kila kitu "kimezimwa", pita ushike king'amuzi, sabufa, adapta za chaja, router kama mnayo. Kilicho na uvuguvugu kinakula. Ila usikimbilie kukilaumu bado, maana kula na kula sana ni vitu viwili tofauti, na hapo ndo mita inaingia.

Angalia mita yako vizuri, kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa. Karibu nayo kumeandikwa namba na maneno imp/kWh, mara nyingi ni 1000, nyingine 1600, nyingine namba tofauti, soma ya kwako usibahatishe. Maana yake ni kwamba taa ikipepesa mara hizo 1000 yuniti moja imekwisha, yuniti moja ndo hiyo kWh 1, yaani kifaa cha wati 1000 kikiwaka saa zima. Hesabu ni hii: hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja mpaka unaofuata, halafu chukua 3600 ugawe kwa hizo sekunde, jibu ni wati zinazotumika nyumba nzima muda huo. Hiyo ni kwa mita ya 1000. Kama yako ni 1600 badala ya 3600 weka 2250. Kwa namba nyingine yoyote chukua 3,600,000 ugawe kwa namba iliyoandikwa kwenye mita ndo upate ya kuanzia.

Mfano taa inapepesa kila sekunde 36, hapo mnatumia wati 100. Ikipepesa kila sekunde 3 ni wati 1200, hiyo ni pasi iko kazini. Kila sekunde 2 ni 1800, mtu kaweka birika. Feni ya kawaida ya wati 60 peke yake inapepesa kila dakika moja, na taa ya LED ya wati 9 peke yake utasubiri karibu dakika 7 uione mara moja, ndo maana kugombana kuhusu nani kaacha taa ya korido ya LED ikiwaka ni kupoteza muda bure.

Sasa namna ya kufanya. Chagua muda ambao watu wote wapo na wamekubali, jumapili asubuhi ni nzuri, maana ukizima umeme wa wenzio bila kuwaambia umeanzisha ugomvi mwingine. Zimeni kila kitu kwenye soketi, sio kwa rimoti, chomoeni kabisa. Meni swichi iacheni ikiwa imewashwa. Kaa mbele ya mita dakika 10. Taa isipopepesa hata mara moja basi waya zenu hazivujishi umeme, shukuruni. Ikiendelea kupepesa wakati kila kitu kimechomolewa kuna kitu mmesahau (kengele ya geti, taa ya nje, pampu ya maji) au kuna mtu kajiunganishia umeme wenu au waya umechubuka ukutani unavuja, na hapo mwite fundi umeme anayejua kazi. Mita yenyewe usiifungue, usiiguse ile sili, ni hatari na ni kosa.

Baada ya hapo chomekeni kitu kimoja kimoja na kuhesabu, mmoja anachomeka mwingine yuko kwenye mita na simu anapiga kelele "tayari!". Kama mita yenu iko juu kwenye nguzo na ndani mna rimoti tu ya kuingizia namba basi njia ni nyingine kidogo, andika yuniti zilizobaki pamoja na zile desimali, acha kifaa kimoja kiwake saa zima, soma tena, toa. Inachosha lakini jibu ni lile lile.

Kwetu pasi ya yule dada ilipimwa wati 1200, kweli ni nyingi, kila mtu akatoa macho kwamba si tulisema. Ila anaitumia dakika 15 kwa siku. Robo saa ya wati 1200 ni yuniti 0.3, na hapo bado pasi ikishapata moto inajikata yenyewe inapumzika, kwa hiyo ni chini ya hapo. Hata tuhesabu siku 30 bila kuruka ni yuniti 9. King'amuzi cha paka kilikuwa wati 15, kidogo mno, lakini hakizimwi hata siku moja, masaa 24 mara siku 30 inakuja yuniti karibu 11. Umeona sasa? Kile kitu kidogo ambacho hakuna aliyewahi kukitaja kinaizidi pasi iliyovunja undugu wa nyumba nzima. Muda ndo unaokula, sio ukubwa wa kifaa peke yake, na hilo ndo watu wengi hawalitazami.

Halafu tukafika kwenye friji la mama mwenye nyumba, na hapa nitakaa kidogo maana kwa joto la Dar friji ndo mara nyingi lenye kesi. Friji lisilo na ubovu kompresa yake inawaka inazima, inawaka inazima. Usipime mara moja tu, kaa nalo saa zima uone linapumzika mara ngapi. La kwetu lilikuwa linapepesa kila sekunde 24, yaani wati 150, na halikupumzika hata dakika moja. Wati 150 masaa 24 ni yuniti 3.6 kwa siku, mwezi 108! Friji la wati hizo hizo likifanya kazi theluthi ya muda linakula yuniti 36. Kwa hiyo yuniti 72 zilikuwa zinapotea kila mwezi. Na mjue kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo yuniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, ukivuka hapo kila yuniti ni 350, yaani friji bovu linawasukuma kwenye bei kubwa wakati hata hamjapika.

Kosa lilikuwa mpira wa mlango. Kuujaribu chukua noti, ibane kwenye mlango wa friji, funga, halafu ivute. Ikitoka kirahisi bila kukaza hapo hewa ya moto inaingia, zunguka mlango mzima hivyo hivyo, hasa pembe za chini. Mara nyingi ni uchafu tu, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka kwenye mikunjo. Ukiwa umekakamaa ubadilishwe, mafundi friji wanabadilisha na Kariakoo ipo mipira. Lisogeze pia kutoka ukutani kama upana wa kiganja lipumue, barafu ikishakuwa nene yeyusha (usichokoe na kisu jamani, utatoboa bomba la gesi liishie hapo), na wali wa moto usiingie humo mpaka upoe.

Kitu kingine kwenye friji na pasi, ile tabia ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Tundu la juu ni la ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), mguu wake ni mrefu makusudi, unaingia kwanza na kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Ukitumia kalamu vinafunguka kweli ila ethi huna. Ndo maana friji lililowekewa plagi hiyo unaligusa peku sakafu ina maji linakutekenya. Huo mtekenyo ni umeme unatafuta njia ya kwenda chini, na umepitia kwako. Linunulieni plagi ya miguu mitatu, na fundi ahakikishe nyumba yenyewe ina ethi.

Kabla hujasema mita inaiba angalia na risiti ya kununua umeme. Kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU tangu 2021, kwa hiyo manunuzi ya kwanza ya mwezi yanaleta yuniti chache kuliko yanayofuata kwa hela ile ile, na aliyekutwa na zamu hiyo anaonekana kama kachakachua.

Sisi tulichofanya, tulichukua karatasi tukaandika kila kifaa, wati zake, masaa yake kwa siku na yuniti za mwezi, tukaibandika ukutani chini ya mita, kila chumba na jumla yake, na mchango unafuata hiyo karatasi. Akija mpangaji mpya na kifaa kipya kinapimwa jumapili mbele ya wote kinaongezwa. King'amuzi kinachomolewa usiku, paka kahamia jikoni karibu na jiko la mkaa, na yule dada alirudishiwa elfu nane aliyokuwa amechangishwa zaidi.