Jinsi ya kujua maana ya jina Kabula (au jina lolote la bibi yako) kabla hujampa mtoto

Binti yangu anaitwa Kabula, jina la bibi yangu, na mwanzoni kila nikiulizwa maana yake nilikuwa najibu "ni mvua" basi, kumbe nilikuwa najua nusu tu.

Anza na neno lenyewe, hapo ni rahisi. Kwa Kisukuma mvua ni mbula, kwa hiyo mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua anaitwa Kabula, wa kiume Mabula, na kuna wanaoitwa Mbula hivohivo. Jina likikushinda jaribu kutoa kile kipande cha mwanzo uone kinachobaki: Nyanzala ndani yake kuna nzala, yaani njaa, huyo ujue kuna mwaka mbaya nyuma yake. Limi ni jua. Ila Kulwa, Doto na Shija usihangaike kukatakata, hao ni mapacha wawili na mtoto anayewafuata.

Sasa hatua ambayo wengi wanairuka ni kwenda kwa mtu mzima, na uende kwa miguu yako, usipige simu. Mimi nilimfuata mama mkubwa kule Igombe nikamkuta anachambua dagaa kwenye ungo, tukasalimiana mwangaluka zikaisha, nikauliza Kabula maana yake nini, akasema mvua, akaendelea na dagaa wake. Nikakaa. Baadaye nikauliza tofauti, siku bibi anazaliwa kulikuwaje? Hapo ndo mikono ikasimama. Akasema siku ile kulikuwa na jua kali hata wingu hakuna, bibi alirithishwa jina la shangazi yake, na huyo shangazi ndo mvua ilimkuta, mama yake alikuwa shambani anafukuza ndege kwenye mtama, mvua ikashuka ghafla akajifungulia kwenye kile kibanda cha kulindia. Yaani mvua niliyokuwa naisema miaka yote ilikuwa ya mtu mwingine kabisa!

Kwa hiyo usiulize maana, uliza amezaliwa na jina au amerithi, na kama amerithi ni la nani, halafu umfuate huyo hadi ufike kwa wa kwanza unayeweza kumfikia.

Wazee hawatakutajia mwaka, watakutajia tukio, we shika hilohilo. Akikwambia ni kipindi ziwa limepanda likameza mashamba, mara nyingi anasema zile mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, mwaka wa Uhuru wetu, maana Victoria liliendelea kupanda hadi 1964 na maji yaliongezeka zaidi ya mita 2. Akisema elinino hiyo ni 1997 kuingia 1998.

Makaratasi yanasaidia lakini kuwa makini sana na ng'. Ng'wana Mabula maana yake mtoto wa Mabula, Mabula ni baba, sio jina la huyo mtoto mwenyewe. Nimeshaona cheti cha ubatizo cha ndugu yetu kimeandikwa Mwanamabula neno moja, na wajukuu wakakua wakijua ndo jina la bibi yao, lenyewe halikuandikwa popote, inauma.

Na kama ukoo wenu una mchanganyiko, tuseme bibi mmoja katoka Rorya kwa Wajaluo, hapo usilazimishe Kisukuma. Wao wa mvua wa kike ni Akoth, wa kiume Okoth, na Atieno ni wa usiku.

Ukishapata, rekodi sauti kwenye simu na uandike siku hiyohiyo, maana ukilala unaanza kuchanganya shangazi na bibi. Mimi wa kwangu kazaliwa mwezi wa saba, kiangazi, vumbi tupu. Nyuma ya kadi yake ya kliniki nimeandika: Kabula, jina la bibi, aliyepewa la shangazi yake, aliyezaliwa kibandani kwenye mtama mvua inanyesha.