Namna ya Kumsoma James Fenimore Cooper

Msomaji anayetaka kumfahamu James Fenimore Cooper (1789–1851), aliyeandika riwaya za kihistoria kuhusu walowezi wa Marekani walivyoingia katika misitu ya wenyeji, asianze na The Last of the Mohicans, ingawa ndiyo iliyovuma kuliko zote. Aanze na The Pioneers ya mwaka 1823, kwa kuwa humo mwandishi anasimulia mahali alipokulia: baba yake, Jaji William Cooper, ndiye aliyeanzisha mji wa Cooperstown kando ya Ziwa Otsego, jimboni New York, na ni vigumu kutomwona mzee huyo nyuma ya Jaji Temple wa riwayani.

Sura ya njiwa isomwe polepole. Makundi ya ndege yanafunika anga, wanakijiji wanatoka na kila silaha waliyo nayo, hata mzinga mdogo unaburutwa uwanjani na kufyatuliwa. Mwindaji mzee Natty Bumppo anamwangusha njiwa mmoja tu, kisha anawakemea wenzake kwa ufujaji wao. Baadaye ni mzee huyohuyo anayeingia matatani kwa kuua kulungu nje ya msimu, hadi akafungwa. Njiwa wa aina ile walitoweka duniani mwaka 1914, jambo linaloipa sura hiyo uzito ambao Cooper mwenyewe hakuujua.

Kisha soma riwaya nyingine nne za Natty kwa mpangilio wa kuandikwa: The Last of the Mohicans (1826), The Prairie (1827), The Pathfinder (1840) na The Deerslayer (1841). Wapo wanaopendelea kufuata umri wa Natty, tangu ujana hadi kifo, lakini kwa maoni yangu njia hiyo inaficha jinsi Cooper, baada ya kumzika shujaa wake mwaka 1827, alivyomrudisha akiwa kijana zaidi.

Katika riwaya ya mwaka 1826, tenganisha historia na ubunifu. Ni kweli kwamba Agosti 1757 Wafaransa wa Jenerali Montcalm waliizingira Fort William Henry, ngome ya Waingereza, kwamba kamanda wake, Monro, alisalimu amri, na kwamba waliokuwa wakiondoka walishambuliwa na baadhi ya wenyeji walioshirikiana na Wafaransa. Safari ya mabinti wa kamanda huyo ni ya kutungwa. Jina la Uncas, kijana Mmohikani wa riwayani, nalo lilikuwa la chifu wa Wamohegan wa Connecticut katika karne ya 17, taifa tofauti na Wamohikani, ambao hawakuisha kamwe: wazao wao wanaishi Wisconsin hadi leo.

Sentensi zake ni ndefu, na mwandishi mwenzake wa Marekani, Mark Twain, alimkejeli vikali mwaka 1895, mara nyingi kwa haki. Maelezo ya mandhari yakichosha, ruka aya, ila usiruke mazungumzo ya Natty na rafiki yake Mmohikani, Chingachgook. Ukishamaliza, tafuta Rural Hours ya mwaka 1850, ambamo binti yake, Susan, anaeleza msimu kwa msimu mazingira ya Cooperstown ileile.