Kabla ya kwenda sokoni na mtoto mdogo

Kwanza tazama saa. Mtoto wa miaka miwili au mitatu aliyekosa usingizi wa mchana, ukamtoa saa saba jua likiwa utosini, atalia tu, na kosa si lake. Soko letu la Lamu, pale ubavuni mwa Ngome, ni la asubuhi. Nendeni mapema, naye awe amekunywa chai yake na kushiba. Kikapuni tia chupa ya maji, tende mbili tatu au hamri moja, na leso ya ziada.

Kabla ya kuvuka kizingiti mwambie mnakwenda kununua nini. “Tunanunua nazi, nyanya na samaki. Halwa leo hatununui. Wewe utachagua chungwa lako.” Maneno yawe machache, na uyarudie mkifika, kwa kuwa mtoto wa umri huo hashiki ahadi ndefu. Sehemu ya ubongo inayozuia hasira kwake bado ni changa sana, na maneno ya kusema anachotaka hayajamtosha. Ndiyo maana akikataliwa kitu hujitupa chini na kulia. Si jeuri, wala si malezi mabovu.

Njia zetu unazijua. Mtoto akigaragara katikati ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, nyuma yako anakuja punda na mifuko ya mchanga na mwenyewe anapiga kelele “Simile!” Wangu aliwahi kunilalia pale pale, nikasimama kumbembeleza kwa maneno hadi punda akawa hatua mbili kutoka kichwani mwake. Tangu siku hiyo namnyanyua kwanza, maneno baadaye. Kwa hiyo jua mapema utamkimbizia wapi: kichochoro chenye kivuli, au baraza ya nyumba mnayojuana. Zungumza pia na muuza mboga wako wa kila siku, akubali kukuwekea kikapu. Huwezi kubeba samaki, nazi na mtoto anayepiga mateke.

Mkishakaa, mshike asijiumize, sema kidogo, ngoja. Kwa kawaida ni dakika chache tu. Kile alicholilia usimpe, hata kama umechoka, maana kesho atakililia tena. Akizuia pumzi hadi midomo ikageuka rangi au akazimia, mpeleke hospitali akaangaliwe, hata akizinduka mwenyewe. Mara nyingine huwa ni upungufu wa madini ya chuma.

Lakini kinachotuumiza akina mama ni midomo ya watu kuliko kilio chenyewe. Jiandae nayo ukiwa nyumbani, kwa sababu pale sokoni, uso umekuwaka kwa aibu, hutapata la kusema. Kuna atakayekwambia, “Mchape huyo, akina mama wa siku hizi mnawadekeza.” Akiwa mtu mzima, mpe heshima yake: “Ahsante bibi, nimekusikia. Niache kwanza anyamaze.” Kisha mgeuzie mgongo, umtazame mtoto. Usianze kumweleza kwamba mtoto hakulala wala kwamba ana homa. Hudaiwi maelezo. Usimpige mtoto ili umridhishe mpita njia. Kipigo hicho unampigia mtu ambaye hata jina la mwanao halijui. Hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inakataza mtu kuadhibiwa kwa kipigo, na mtoto ni mtu.

Mwingine atatoa peremende kwa wema kabisa. Ipokee, uitie mkobani: “Atakula nyumbani, shukrani.” Anayetoa simu kumpiga picha mwanao akilia, huyo mkatalie waziwazi kwa sauti kavu: “Usimpige picha mwanangu.” Watu wa barazani watakuunga mkono, nimeona.

Na mume akienda nanyi, mpangane kabla ya kutoka: mmoja abaki na mtoto, mwingine amalize kununua. Mkibishana mbele ya watu, mtoto huzidi kulia.