Somo: Kufufua fremu ya zamani ya baiskeli, ya chuma, iliyoundwa kwa mkono

Wakuu, wengi wetu tukipata fremu ya zamani tunakimbilia msasa na rangi. Tafadhali msianze hapo. Rangi mpya hufunika ufa, na ufa uliofunikwa ndio unaokuja kumwangusha mtu kwenye mteremko. Chuma kwanza, rangi mwisho.

1. Kagua. Osha fremu, ikauke, kisha pitisha kidole chini ya bomba la juu na chini ya lile la chini, sentimita chache nyuma ya bomba la usukani. Fremu iliyowahi kugonga kitu kwa mbele huacha mkunjo hapo, na mara nyingi kidole kinauhisi kabla jicho halijauona. Angalia pia ncha za soketi zinazoshika mabomba kwenye viungo, na kichwa cha uma unaoshika gurudumu la mbele. Ukiona mstari mwembamba wa kutu uliopenya rangi, kwangua mpaka chuma kitupu. Usidharau: mabomba ya Reynolds 531 (aina maarufu ya mabomba ya chuma ya baiskeli), yaliyotoka mwaka 1935, mara nyingi ni manene kwenye ncha tu, katikati hayafiki hata milimita moja.

2. Pima kwa uzi. Funga uzi pale ekseli ya nyuma inapokaa upande wa kushoto, uzungushe mbele ya bomba la usukani, urudishe mpaka upande wa kulia, uukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, pande zote mbili. Tofauti ya milimita moja isikusumbue. Ikizidi hapo, nyuma imepinda. Chuma kinakubali kunyooshwa baridi, ila mpe fundi anayeijua kazi hiyo.

3. Nguzo ya kiti iliyoganda. Hapa ndipo fremu nyingi nzuri zinapouawa. Alumini ikikaa ndani ya chuma kwa miaka, unyevu na chumvi ya jasho huila, na oksidi yake hutanuka na kubana kama kabari. Legeza bolti ya kiti, toa ekseli ya pedali (ile inayopita chini ya bomba la kiti), pindua fremu juu chini, mimina mafuta ya kupenya kupitia tundu lake mpaka ndani ya bomba la kiti. Iache siku kadhaa, ukiongeza. Kisha bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa na uizungushe fremu kidogo kidogo, mbele na nyuma. Ukihisi mabomba yanajipinda badala ya nguzo kusogea, acha papo hapo. Kata nguzo, ingiza wembe wa msumeno wa chuma ndani yake na uichane kwa urefu, taratibu, bila kugusa bomba. Magadi makali (soda kostiki) huyeyusha alumini na kuacha chuma, lakini hutoa gesi ya hidrojeni na joto, hula rangi na huunguza ngozi na macho. Yawe ya mwisho kabisa, nje kwenye hewa, na miwani na glavu zimevaliwa.

4. Kutu na rangi. Asidi ya oksaliki huondoa kutu bila kuchubua chuma. Suuza vizuri, kausha haraka, paka mafuta ndani ya mabomba, praimeri nje. Kupiga mchanga kwa nguvu nakataa: hula bomba jembamba.

MASWALI

Mkuu, kikombe cha pedali (kile kinachoshika beringi za ekseli yake) upande wa cheni hakifunguki, nimening'inia kwenye spana mpaka basi.
Huenda unakikaza, ndugu. Kwenye hesi (nyuzi za skrubu) za Kiingereza kikombe hicho hufunguka kwa kuzungusha kisaa. Za Kiitaliano, zenye kipenyo cha milimita 36, hufunguka kinyume cha saa pande zote mbili. Pima kabla ya kuongeza nguvu.

Nimekuta ufa kwenye ncha ya soketi. Fundi wa kuchomelea kwa umeme anasema anauziba. Nimpe?
Usimpe, kaka. Viungo hivyo viliungwa kwa shaba au fedha iliyoyeyushwa na moto wa gesi. Umeme unachoma bomba jembamba, na shaba iliyobaki inaharibu weldi. Tafuta anayeunga kwa gesi. Ufa ukiwa umeingia kwenye bomba lenyewe, bomba libadilishwe.

Nafasi ya ekseli ya nyuma kwenye fremu ni milimita 126, gurudumu langu ni 130. Nilisukumize tu?
Linaingia, chuma kinatanuka milimita mbili kila upande. Ila kwa matumizi ya kila siku, fremu itanuliwe rasmi, kisha vipande vinavyoshika ekseli vinyooshwe vielekeane sambamba, la sivyo ekseli itakuwa inavunjika.