Ganzi ya neva kwa upasuaji wa bega: tuchome shingoni, kwenye shina la juu, au nyuma ya bega?

Bega lililoshonwa kano au kuwekwa kiungo bandia huuma vibaya kuliko watu wengi wanavyotarajia, hasa usiku wa kwanza. Mofini peke yake huleta kichefuchefu na usingizi mzito, na mgonjwa bado anaumia. Bloku, yaani ganzi inayochomwa kando ya neva, ikichomwa vizuri kwa bupivakaini ya asilimia 0.5 humpa saa 12 hadi 18 za utulivu. Mjadala huwa ni ipi kati ya bloku hizi inayoondoa maumivu zaidi, lakini kuna swali linalotangulia: je, mgonjwa huyu anaweza kupumua kwa pafu moja usiku kucha?

Sababu iko kwenye maumbile ya shingo. Hisia za kiungo cha bega hubebwa zaidi na neva ya suprasikapula, kisha neva ya kwapa, na kiasi kidogo na neva za kifuani kwa mbele. Nyingi ya nyuzi hizo hutoka mizizi ya neva za shingo iitwayo C5 na C6. Neva ya freniki, inayoendesha kiwambo (msuli wa kupumua ulio chini ya mapafu) cha upande huo, hutoka C3 hadi C5 na kuteremka juu ya msuli wa skaleni wa mbele, ulio shingoni; ikipata ganzi, kiwambo hupooza na pafu la upande huo halivuti hewa vizuri. Usawa wa koo, iko milimita 2 hivi tu kutoka C5. Ukishuka sentimita moja kuelekea mtulinga, huachana na neva za mkono kwa milimita 3 zaidi. Milimita hizo 3 ndizo zinazotofautisha bloku hizi.

Bloku ya shingoni, kati ya misuli ya skaleni

Hii ndiyo ya zamani, ndiyo wengi wetu tuliyofundishwa, na kwa nguvu ya kuondoa maumivu bado ni kipimo cha nyingine zote. Mlaze mgonjwa chali, kichwa kigeukie upande wa pili. Tumia proba bapa ya ultrasaundi, ya masafa ya juu, na sindano ya geji 22 yenye urefu wa milimita 50. Anza juu ya mtulinga, ambako neva zinaonekana kama kichala cha zabibu pembeni ya ateri, kisha panda taratibu mpaka uone mizizi imejipanga kati ya skaleni ya mbele na ya kati.

Utaona duara tatu nyeusi, moja juu ya nyingine, kama taa za barabarani. Hapa wengi hukosea. Mara nyingi duara hizo si C5, C6 na C7. Ya juu ni C5, na mbili za chini ni C6 iliyogawanyika. Ukipitisha sindano kati ya hizo mbili ukidhani ni nafasi salama, umeingia ndani ya neva. Baki pembeni, kwenye ukingo wa skaleni ya kati, uache dawa yenyewe isambae. Na sindano inapopita ndani ya skaleni ya kati, angalia: neva ya dorsali ya kombe la bega na ile ndefu ya kifua hupita humo. Ukiona kitone cheupe chenye kiini cheusi njiani, badilisha njia.

Kwa mililita 20 karibu kila mgonjwa hupooza kiwambo cha upande huo, kabisa au kwa sehemu. Ukishuka hadi mililita 5, bado karibu nusu yao hupooza. Kijana mwenye mapafu mazima hatambui. Mwenye ugonjwa sugu wa njia za hewa, mnene sana, au aliyebakiwa na makovu makubwa ya kifua kikuu atatambua, na ninyi pia mtatambua saa nane za usiku. Jicho dogo upande mmoja na sauti ya kukwaruza ni vya kawaida, huisha pamoja na ganzi. Mwambie mapema asije akaogopa.

Shina la juu

Kama mna ultrasaundi na mkono uliozoea, tunapendekeza hii iwe chaguo la kwanza. Tafuta C5 na C6 kama hapo juu, kisha shusha proba mpaka zikutane na kuwa kitu kimoja: hilo ndilo shina la juu. Simama kabla neva ya suprasikapula haijajitenga kuelekea nje chini ya msuli wa omohaioidi. Ukipita hapo, dawa itaikosa, na ndiyo unayoihitaji kuliko zote. Washa rangi za Dopla, zinazoonyesha damu inayotembea, kabla ya kuchoma, kwa sababu vijiateri hukatiza hapa. Leta sindano kutoka nje, weka mililita 5 chini ya shina na 5 juu yake.

Maumivu yanaondoka karibu sawa na bloku ya skaleni. Kupooza kabisa kwa kiwambo kunashuka kutoka takriban wagonjwa 7 kati ya 10 hadi chini ya 1 kati ya 10. Kunashuka, hakufutiki: kwa mtu ambaye kiwambo cha upande wa pili hakifanyi kazi, au aliyeondolewa pafu la upande wa pili, usichome hii wala ile ya skaleni.

Suprasikapula pamoja na neva ya kwapa

Wagonjwa hao, ambao kiwambo au pafu la upande wa pili halipo kazini, ndio wa bloku hii. Mketishe. Weka proba sambamba na mwiba wa kombe la bega, juu yake kidogo. Utaona msuli wa trapezi, chini yake wa suprasipinato, kisha mstari mweupe wa mfupa. Sindano ya milimita 80 iguse mfupa huo, ulio sakafu ya bonde la kombe, uweke mililita 10 chini ya msuli. Usiisake neva yenyewe, dawa itaifikia. Usielekeze ncha mbele kupita ukingo wa mfupa, huko kuna pafu.

Kisha hamia nyuma ya mkono, proba ikifuata urefu wa mfupa, chini kidogo ya ncha ya bega. Tafuta ateri inayopiga juu ya mfupa, kati ya misuli ya deltoidi na teresi ndogo, uweke mililita 10 pembeni yake. Saa za mwanzo bloku hii ni dhaifu kidogo, na maumivu ya mbele ya bega huenda yakabaki. Baada ya siku moja tofauti huwa ndogo.

Hesabu ya dawa

Bupivakaini ya asilimia 0.5 ina miligramu 5 kwa mililita. Kiwango cha juu tunachotumia ni miligramu 2 kwa kilo. Mtu wa kilo 60: miligramu 120, yaani mililita 24. Bloku mbili za nyuma ya bega zimekula 20, kwa hiyo zimebaki 4, na daktari wa upasuaji aambiwe kabla hajaomba ganzi ya kuchoma kwenye kidonda. Mama wa kilo 45 anaishia mililita 18: zimua hadi asilimia 0.25. Soma chupa kwa sauti. Bupivakaini nzito ya uti wa mgongo, yenye glukosi, si ya kazi hii.

Choma mgonjwa akiwa macho au amelegezwa kidogo tu. Mwaka 2000 iliripotiwa mikasa ya uti wa mgongo kuharibika kwa bloku ya skaleni iliyochomwa mgonjwa akiwa amelala fofofo. Kagua upande wa bega na fomu ya ridhaa sekunde chache kabla sindano haijagusa ngozi. Vuta bomba nyuma kila mililita 5 uone kama damu inaingia. Ukisukuma dawa na usiione ikitanuka kwenye skrini, acha mara moja: ncha huenda iko ndani ya mshipa.

Ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, maneno kuvurugika, kisha degedege: dawa imeingia kwenye damu. Ita msaada, mpe okisijeni, kisha lipidi (mafuta ya kuchoma mshipani) ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kilo ndani ya dakika 2 hadi 3 (kilo 60 ni mililita 90), ikifuatiwa na mililita 0.25 kwa kilo kila dakika. Adrenalini iwe kidogo, isizidi mikrogramu 1 kwa kilo. Propofoli, dawa ya usingizi, ni nyeupe vilevile, lakini haichukui nafasi ya lipidi, na hushusha zaidi moyo unaoyumba. Kama lipidi haipo chumbani, msianze.

Mgonjwa akilalamika pumzi haitoshi, mwinue aketi, mpe okisijeni, pima kiwambo kwa ultrasaundi akivuta hewa puani kwa ghafla. Usimtulize kwa midazolamu.

Ganzi haitoki polepole, hukatika. Kwa hiyo parasetamoli gramu 1 kila saa 6, na ibuprofeni miligramu 400 kama figo na tumbo vinaruhusu, vianze bega likiwa bado limekufa. Mkono ubaki kwenye slingi, mbali na jiko la mkaa na kikombe cha chai, maana ataungua asijue. Andika kwenye faili saa ya kuchoma, na mwambie anayemuuguza: vidole visipoamka ndani ya saa 48, arudi.